Fahali Aliyekula Mkia Wake

Vijana wangu wa karakana ya Bagara, daftari lenu nimelipata. Mmesema niandike "mambo mawili matatu" kuhusu kazi yetu ya picha za sufu, kisha mkaniletea daftari la kurasa mia mbili. Nimeelewa. Mnadhani mtu akistaafu hana shughuli nyingine isipokuwa kukumbuka. Nina kuku, nina mbaazi uani, nina magoti mawili yasiyosikilizana. Hata hivyo nitaandika, kwa sababu juzi nilipita hapo nikamwona mmoja wenu, sitamtaja jina, Neema, akitoboa turubai huku amening'iniza koti lake juu ya kioo. Nilirudi nyumbani moyo unanidunda. Lazima niwaambie habari za kioo kabla sijaondoka duniani.

Lakini tuanze na sweta. Nyinyi uzi mnanunua dukani, umefungwa vizuri, na rangi mnachagua kama mnachagua soda. Sisi uzi wetu ulitoka mnadani ukiwa bado ni nguo. Tulinunua sweta la mtumba, tukalifumua, tukaosha uzi wake, tukauzungusha kwenye mgongo wa kiti na kuufungia jiwe ili unyooke. Siri yake ni hii, na itawafaa siku mkiishiwa: geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona pamekatwa kwa mkasi, liache, maana utafumua vipande vya urefu wa kidole mpaka ulie. Ukiona kingo zimefumwa zikaisha zenyewe, lichukue upesi kabla muuzaji hajakutazama usoni akajua umefurahi.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Boay, bwana mrefu mwembamba aliyeshuka kutoka Mbulu na gunia la sufu na sindano alizojitengenezea kwa spoku za baiskeli. Karakana ilikuwa yake. Mimi, Theresia wa Sigino, nilikuwa mwanafunzi wake wa pekee, kwa hiyo kila kosa lililotokea mle ndani lilikuwa langu. Siku moja alikuwa anamalizia picha ya punda, uzi wa kijivu ukamwishia kwenye sikio la pili. Akainua macho. Mimi nilikuwa nimevaa sweta la kijivu.

"Theresia," akasema, "unasikia baridi?"

"Ndiyo, Mzee. Ni Julai."

"Kidogo au sana?"

Nikakosea nikasema kidogo. Akaanzia kwenye mkono wa kushoto, sweta likiwa bado mwilini mwangu, akivuta na kutoboa, akivuta na kutoboa. Sikio lilipokamilika mimi nilikuwa wazi mpaka kwenye kiwiko. Punda alipendeza sana. Mpaka leo kiwiko hiki kikiuma wakati wa baridi namkumbuka yule punda, na simkumbuki kwa mema.

Juu ya mlango Mzee Boay alikuwa ameandika kwa rangi ya mafuta: PICHA ZA RANGI NA SUFU. ZINAPAPASIKA. Neno hilo la mwisho ndilo lililokuwa fahari yake. Alisema picha ya kawaida unaitazama mikono ikiwa nyuma kama mkaguzi wa shule, lakini ya kwetu ina manyoya, mtu aiguse.

Namna ya kuitengeneza mnaijua. Nitaieleza tu kwa ajili ya yule atakayeliokota daftari hili siku moja akidhani ni karatasi za kufungia karanga. Turubai linakazwa kwenye fremu ya mbao. Upande wa mbele unapaka rangi: mbingu, mlima, majani, vitu visivyohitaji manyoya. Kisha unaligeuza, unamchora mnyama kwa mkaa upande wa nyuma, na unatoboa kwa sindano kutokea huko huko nyuma, ili kila tobo litoe kitanzi cha sufu upande wa mbele. Vitanzi vikisongamana unapata mgongo wa kondoo, ndevu za babu, chochote utakacho. Mwisho unapaka gundi nyuma ili visichomoke.

Sasa hapo ndipo pa kuangalia. Wewe unachora nyuma, mtu anatazama mbele. Ukichora ng'ombe anayetazama kushoto, mbele atatokea akitazama kulia. Kwa hiyo kabla ya tobo la kwanza unausimamisha mchoro mbele ya kioo, na unachokiona kwenye kioo ndicho watu watakachokiona ukutani. Siku hizi mnageuza picha kwenye simu kwa kidole gumba, mnaambiana "poa", basi mnaona kioo ni pambo. Mzee Boay alikuwa na kioo chake cha kunyolea, kimetundikwa msumarini kwa kazi hiyo. Ndevu zenyewe alinyoa kwa kukisia, na zilionyesha.

Kabla ya kosa langu kubwa nilikuwa nimeshafanya mawili. La kwanza lilikuwa la kondoo. Usharika mmoja ulituagiza picha ya mchungaji mwema kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili, mchungaji amevaa joho jekundu na kondoo weupe miguuni. Sufu nyekundu huwa inachemshwa kwanza peke yake mpaka iache kutoa rangi. Mimi niliona ni kupoteza kuni. Picha ilipoisha nikaiosha vumbi, joho likamwagikia kondoo, kondoo wote wakawa wa pinki. Mchungaji wa usharika, mtu mwenye subira, aliitazama kwa muda akasema watoto wataipenda. Waliipenda kupita kiasi. Baada ya hapo, kila mtoto wa pale akiambiwa achore kondoo aliulizia kalamu ya pinki.

La pili lilikuwa la bwana harusi. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano, na Mzee Boay aliitia chumvi kidogo akiamini chumvi inafukuza panya. Mimi nilisahau chumvi. Picha ya maharusi ikakaa wiki nzima nyuma ya magunia, panya wakaja, wakala gundi iliyokuwa nyuma ya mdomo wa bwana harusi. Kwa mbele ilionekana salama kabisa. Ilipoinuliwa juu ukumbini mbele ya wageni, sharubu za bwana harusi zikachomoka zikaanguka kwenye keki. Bibi harusi ndiye aliyeanza kucheka, na ndoa yao, nasikia, imedumu.

Mzee Boay hakucheka. Alinikalisha kwenye kigoda akasema, "Theresia, kosa la tatu unarudi Sigino kupiga mbaazi."

Msidhani naidharau mbaazi. Imenisomesha. Lakini nilikuwa nimeshaionja ile raha ya kugeuza fremu na kumkuta mnyama amesimama pale ambapo asubuhi palikuwa na kitambaa kitupu, na sikutaka maisha mengine. Baba yangu aliita kazi hii kuchezea nyuzi, na fimbo yangu ya kupigia mbaazi alikuwa ameitunza nyuma ya mlango. Niliogopa ile fimbo kuliko nilivyoogopa chui.

Ndipo akaja Mzee Gidamis. Alikuwa mfugaji wa tambarare za Hanang maisha yake yote, na sasa mwanawe Daudi alikuwa amemjengea nyumba ya matofali Mutuka, akamshawishi ashike jembe. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Alimwona mtu kama kivuli tu. Aliingia akiwa ameshika fimbo, akasimama katikati ya karakana.

"Shikamoo, Babu," nikasema.

"Marahaba. Wameniambia hapa kuna picha za kushika kwa mkono."

"Zipo, Babu."

"Basi nipe nishike."

Mzee Boay akamsogezea yule punda. Vidole vya mzee vilipita mgongoni, shingoni, vikafika kwenye sikio la pili, vikasimama.

"Punda huyu amevaa sweta," akasema.

Mzee Boay alikohoa. Mimi nilianza kumpenda yule mzee saa ile ile.

Alituambia shida yake bila kuzunguka. Alikuwa na dume la ng'ombe aitwaye Hanang, kwa ajili ya nundu yake iliyosimama kama ule mlima. "Macho yangu yanaisha," akasema, "na dume anazeeka. Sijui nani atatangulia. Daudi amenijengea nyumba nzuri, ina mlango, lakini dume haingii. Nataka awe ukutani, karibu na kitanda. Nikiamka nimguse, nijue niko nyumbani."

Mzee Boay alipomsindikiza, alinigeukia. "Kazi hii utaifanya wewe, mwanzo mpaka mwisho. Ukiiweza, wewe ni fundi. Ukishindwa unajua."

Nilikwenda Mutuka na daftari langu, nikamwambia mzee kwamba nikikosea narudishwa Sigino kupiga mbaazi. Mzee Gidamis mwenyewe alinishika mkono akaniwekea kwenye pembe za Hanang. Ya kulia ilisimama wima. Ya kushoto ilikuwa imeinama mpaka karibu na jicho, na ubavuni upande huo huo wa kushoto palikuwa na doa jeupe, umbo la chapati iliyomegwa. "Pembe hii iliinama akiwa ndama," akaniambia. "Ukikosea kitu kingine nitakusamehe. Hii ndiyo anwani yake."

Nilifanya kazi ile kama mtu anayekimbizwa. Nilipaka mlima na mbingu kwa mbele. Nikamchora Hanang kwa nyuma, anatazama kushoto, doa lake na pembe yake vikiwa mahali pake. Mwili niliufanya kwa masweta mawili ya kahawia, doa kwa sufu nyeupe ndefu laini, na mkia, hapo nilijipendelea, nikauacha unaning'inia nje ya turubai, nyuzi za kweli zilizosukwa. Gundi niliipika mwenyewe. Sikutaka tena kusikia habari za panya, kwa hiyo mahali pa chumvi kidogo nikatia konzi mbili.

Na kioo? Kioo nilikuwa nimemwazima jirani yetu msusi, wateja wake waone visogo vyao. Mzee Boay aliponiuliza, "Umetazama kwenye kioo?" nikajibu ndiyo. Na kweli nilikuwa nimetazama, asubuhi ile kwa msusi, nywele zangu.

Siku ya kuingia nyumba mpya tulikwenda Mutuka na picha imefunikwa shuka. Mzee Boay alivaa koti. Wageni walijaa uani, nyama inachomwa, Daudi anagawa soda. Shuka likavutwa, watu wakasema "Aaa!" na mimi nikavimba kichwa kwa muda wa kama kumeza mate mara mbili. Kisha shemeji yake Mzee Gidamis, mtu wa aina ile ambayo hata msibani lazima arekebishe jeneza, akainuka kwenye kiti.

"Mbona doa liko kulia?"

Nikatazama. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilihitaji kuambiwa. Hanang niliyemchora akitazama kushoto alikuwa anatazama kulia, doa kwenye ubavu wa kulia, pembe ya kulia ndiyo imeinama. Kila kitu kimegeuka. Mzee Boay, bila kunitazama, alisema neno moja tu: "Mbaazi."

Mzee Gidamis akasogea kwenye picha. Vidole vyake vikaanzia puani, vikapanda kwenye pembe, vikakaa pale muda mrefu. Vikaenda kwenye pembe nyingine. Vikashuka kwenye doa. Mimi nilikuwa nalia bila kutoa sauti, au ndivyo nilivyodhani. Mama yangu alikuwa akiniambia kwamba nikijizuia kulia pua yangu hupiga mluzi kama birika linalokaribia kuchemka.

Mzee akageuza uso upande niliokuwa nimesimama. Kisha akasema, "Daudi, mlete Hanang. Kwa nini tubishane, na mwenyewe yupo?"

Hanang akaletwa, mzito, mzee, nundu inatikisika. Akaisogelea picha. Akanusa. Halafu akatoa ulimi akailamba, kuanzia kwenye paja mpaka begani, sauti yake kama ufagio kwenye sakafu ya saruji. Akarudia. Akalamba pembe, akalamba mbavu, akafikia mkia wangu uliosukwa, akautia mdomoni.

"Anaumeza!" shemeji akapiga kelele.

Daudi akashika ncha moja ya mkia, Hanang akashika nyingine. Daudi alipovuta, vitanzi vya makalioni vikaanza kufumuka, kimoja baada ya kingine, na Hanang akawa anavivuta mdomoni kama mtu anayekula tambi. Mzee Boay alisahau koti, akaikumbatia fremu kwa mikono miwili, akaburutwa pamoja nayo hadi karibu na moto wa nyama. Mama mmoja akaja na kisu cha kukatia maini akaukata uzi. Hanang akameza, akalamba midomo, akarudi kutafuta zaidi.

Mzee Gidamis alikuwa anacheka mpaka ameishikilia fimbo kwa mikono yote. "Mmesikia?" akasema. "Dume halambi mgeni. Amemtambua. Picha ni yake."

"Lakini pembe..." shemeji akaanza.

"Wewe unamjua kuliko anavyojijua?"

Shemeji akakaa. Nyama ikaletwa. Njia nzima ya kurudi Mzee Boay alitembea mbele yangu, mpaka tulipoingia Bagara. Hapo akapangusa masizi kwenye koti lake. "Jumatatu uwahi, fundi," akasema. "Na kioo kirudi."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi. Kisa hiki nimewasimulia mara ngapi hapo karakana, kifua mbele, kwamba ng'ombe mwenyewe ndiye aliyenitolea ushahidi? Sasa someni kipande ambacho sijawahi kuwasimulia, kwa kuwa na mimi nimekijua juzi juzi tu.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, Daudi alikuja nyumbani kwangu na kitu amekifunga kwenye blanketi. Siku hizi naye ana mvi. Baba yake alikuwa ametutoka, na Hanang alitangulia miaka mingi kabla. Tukafungua blanketi. Nundu ilikuwa imebaki kipara. Pembe zote mbili zilikuwa zimelika mpaka turubai linaonekana. Mkia, bado nusu. Mzee alikataa katakata usirekebishwe. Daudi aliomba nipake tu gundi mpya, maana vitanzi vimeanza kulegea.

Nikaanza kumsimulia, kama ninavyowasimulia nyinyi, jinsi dume wao alivyoniokoa. Daudi akanitazama vile mtu anavyomtazama mtoto anayeamini mwezi unamfuata.

"Mama, kwani hukujua?"

"Kujua nini?"

"Mzee alijua picha imekosewa mara tu aliposhika pembe. Na chumvi aliihisi vidoleni, imepenya mpaka kwenye sufu. Jioni ile alituambia, 'Yule binti ametia chumvi ya kulisha zizi zima.' Ndiyo sababu akamwita dume. Ng'ombe analamba chumvi hata ukiipaka kwenye mlango wa kanisa, Mama. Nani aliyefuga asijue hilo?"

Nikamuuliza kwa nini basi alisema vile mbele za watu.

"Mama yangu naye alimuuliza. Akasema, 'Nilimsikia bwana wake anataja mbaazi, na binti analia kama birika. Pembe nitazizoea.'"

Kumbe alinisikia. Yule ambaye alihitaji picha ile kuliko mtu yeyote, aliyeniambia kosa moja tu hatalisamehe, ndilo alilolisamehe. Daudi akanieleza kwamba kila asubuhi baba yake alinyoosha mkono kwenye pembe ya kushoto, kwa mazoea, akaikuta imesimama wima. Alicheka, akasema, "Binti wa Sigino," kisha akahamia kulia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mzee Gidamis imebeba maisha yangu yote ya kazi. Nililia pale pale mbele ya mgeni, na birika lilikuwa lile lile.

Nilimwambia Daudi nitafumua yote, nimtengeneze Hanang upya, sawasawa, bila malipo. Akakataa. Wajukuu wanamjua hivyo hivyo, akasema. Ila mkia, kama ningependa.

Ndiyo ile wiki mliyoniona nimekuja kuazima sindano, mkanitania, "Bibi umerudi kazini?" Mlipokwenda kula niliisimamisha picha mbele ya kioo, nikatazama, miaka mingi baada ya siku niliyopaswa kutazama. Kwenye kioo Hanang alikuwa anatazama kushoto, doa lake kushoto, pembe ya kushoto imeinama mpaka karibu na jicho. Alikuwa yeye kabisa. Nikakaa naye hapo mpaka niliposikia mnarudi.

Nilimsukia mkia mpya, mrefu kuliko ule wa kwanza. Gundi niliipika mwenyewe, na chumvi nikatia konzi mbili, safari hii kwa makusudi. Sasa Neema, toa lile koti kwenye kioo.